Istilahi za Langoni

Dhiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wembamba. Lilikuwa neno la vipimo kabla halijawa neno la moyo: njia isiyopitisha watu wawili sambamba, chumba kinachobana kifua, nguo isiyoingia mabegani. Faraja nayo ni mwanya, ule uwazi unaopatikana pale vitu viwili vilivyoshikana vinapoachana. Anayesema "baada ya dhiki faraja" hudhani anazungumzia huzuni na furaha, kumbe methali yenyewe, ukiikwangua kidogo, inazungumzia uchochoro uliofika mahali ukapanuka. Hata shida imo katika ukoo huohuo, kwa kuwa Kiarabu chake ni kukazwa, kama kamba inavyokazwa. Sisi wapenda maneno tumezoea kufurahia mambo haya tukiwa mezani na kamusi. Pale Petite Barrière methali hiyo haihitaji kukwanguliwa. Inasomeka kama maelezo ya njia.

Petite Barrière ni lango la waenda kwa miguu kati ya Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, na Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini. Ukitoka Gisenyi ukavuka, hatua chache tu umeshaingia Birere, mtaa wa Goma usio na ukimya. Katika siku za amani huvuka hapo makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na beseni za nyanya, kabichi, vitunguu na karoti vichwani, watoto migongoni. Lango kubwa, Grande Barrière, liko kando ya ziwa, nalo ni la magari na pasipoti. Hili la umati ndilo lililoitwa dogo, na hakuna anayejisumbua kulitafsiri jina.

Neno barrière, hata hivyo, limekwisha kuingia katika Kinyarwanda kama bariyeri, na kwa Mnyarwanda aliyekuwa na akili zake mwaka 1994 bariyeri haimaanishi mpaka wa nchi. Ni kizuizi cha barabarani, mahali Watutsi waliposimamishwa, wakaulizwa vitambulisho, wakauawa. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye habari za imani, jina la mahali lenyewe limebeba dhiki.

Vitabu vya ibada vinavyouzwa katika maduka ya Kikristo kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam vina msemo unaopendwa mno: nguvu za kiroho. Namna ya kupata nguvu za kiroho wakati wa majaribu, siri za kuongeza nguvu za kiroho, na kadhalika. Msemo una sarufi safi na sioni kosa lake la kiimani. Ninachokosana nacho ni kwamba unazigeuza nguvu kuwa akiba, kitu kinachojazwa ndani ya mtu kama chaji ya simu, kisha kikapungua, kisha kikajazwa tena Jumapili. Msamiati unaotembea langoni ni mwingine, na karibu wote ni wa njia: kubanwa, kufungwa, kufunguliwa, kuvuka, kupenya, kushinda. Hakuna neno hata moja kati ya hayo linalouliza una nguvu kiasi gani. Yote yanauliza kama kuna pa kupita.

Tuanze na kufunga, kitenzi ambacho Kiswahili kimekitwisha mizigo kupita haki. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, mwizi hufungwa, ndoa hufungwa, timu ya mpira hufungwa, na mcha Mungu hufunga. Mtu akisema langoni asubuhi "Balifunga", kwa Kiswahili cha Goma kinachosema ba- pale wengine tunaposema wa-, itakubidi uangalie anaelekeza uso wapi ndipo ujue kama maafisa wameziba njia, au ni akina mama wa kikundi chake cha maombi ambao hawajatia kitu kinywani tangu jana. Mara nyingine ni yote mawili, na la pili limeletwa na la kwanza.

Lango hili limefungwa mara nyingi. Tarehe 1 Agosti 2019, wakati Ebola imeingia Goma, lilifungwa kwa saa kadhaa na watu wakabaki wanatazamana, huyu na mzigo wake huku, mteja wake kule. Machi 2020 korona ilipofika, kitenzi kimoja kikabeba mambo matatu kwa mkupuo: mpaka ukafungwa, makanisa yakafungwa, na wenye desturi ya kufunga wakafunga majumbani. Baadaye biashara iliporuhusiwa tena ilikuwa kwa mafungu. Wafanyabiashara walikusanya bidhaa zao pamoja na wachache wakazivusha kwa niaba ya wengi. Mhubiri aliyekuwa akitafuta mfano wa uombezi mwaka ule hakuhitaji kwenda mbali. Kisha Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kuuawa kwa risasi upande wa Rwanda hapohapo Petite Barrière, saa za kuvuka zikapunguzwa na lango likawa linafungwa saa tisa alasiri badala ya jioni. Kwa mtu wa ofisini hizo ni saa tatu tu. Kwa anayeuza nyanya ambazo hazitalala hadi kesho, ni tofauti kati ya kurudi na hela na kurudi na nyanya.

Kinyume cha kufunga ni kufungua, na hapa mpenda maneno anaweza kusahau shughuli zake zote. Pwani tumekwisha kuimeza l ya zamani, tunasema kufungua. Goma bado wanaitamka: kufungula. Hatua chache upande wa pili, Kinyarwanda kinasema gufungura. Maumbo matatu ya kitenzi kimoja yanasimama katika barabara moja, na la Kinyarwanda lina ziada. Gufungura ni kuondoa kizuizi na ni kumtoa mtu kifungoni, lakini pia, kwa lugha ya heshima, ni kula. Amafunguro ni chakula kilichoandaliwa. Nasi kwa Kiswahili tunafungua kinywa baada ya mfungo, kwa hiyo hatuko mbali sana na jirani. Ila Kinyarwanda ndicho kilicholimaliza jambo katika neno moja: lango likifunguliwa, watu wanakula.

Mtu asiyejua hayo akisikia "Mungu atafungula" anaweza kudhani ni sala ya mkato, aina ya kauli anayoitoa mtu aliyekosa la kusema. Mimi naiona ni kauli yenye uzito wa kitheolojia kuliko mahubiri mengi niliyoyasikiliza kwa adabu. Haisemi Mungu atanipa nguvu ya kuuvunja mlango, wala haisemi mlango haupo. Inakiri kwamba kuna mlango, kwamba umefungwa, kwamba funguo ziko kwa mwingine, na kwamba huyo mwingine si afisa aliyekaa kibandani. Yote hayo kwa maneno mawili.

Lugha ya makanisa ya kipentekoste imelijenga jengo lake zima juu ya kitenzi hicho. Kuna vifungo na kuna huduma ya kufunguliwa. Kuna kufunga kwa kawaida na kuna kufunga kavu, pasipo hata maji. Na kuna neno jipya zaidi, upenyo. Limepanda chati sana makanisani Tanzania na sasa linasikika kwingine. Kwa asili halina makuu: ni mahali pa kupenyea, tundu katika ua, nafasi ya kupitisha bega. Wahubiri wamelifanya kuwa tukio. Leo unapokea upenyo wako wa ndoa, upenyo wako wa viza, upenyo wa kazi. Silipendi linavyotumika, na nitasema kwa nini. Upenyo ni wa mtu mmoja. Ukishapenya, ua umebaki palepale na walio nyuma yako wako palepale. Faraja ni uwazi, na uwazi hauna namba ya kiti. Anayejua foleni ya Petite Barrière anaijua tofauti hiyo kwa mwili wake: kuna siku mmoja anapenya kwa kujuana, na kuna siku lango linafunguliwa.

Nani aliyetuletea maneno haya? Wakristo wa Kiswahili hatuna budi kukumbuka kwamba tuliyakuta. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohedin. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Sifikiri mtu aliye katika hali ile aliyachukulia maneno ya msiba kama kazi ya mezani. Edward Steere naye, Zanzibar, aliyachukua maneno ya watu wa pwani jinsi yalivyokuwa vinywani mwao, na Biblia nzima iliyotokana na kazi yake na ya wenzake ikatoka 1891. Imani, dhambi, toba, rehema, neema, subira, faraja: yote yalikuwa yamekwisha kuswaliwa karne nyingi kabla hayajaimbwa kanisani. Saburi, ambayo Mkristo wa leo huiona kuwa neno la Paulo, lile linalozaliwa na dhiki katika waraka kwa Warumi, ni ndugu wa As-Sabur, moja ya majina tisini na tisa ya Mwenyezi Mungu katika Uislamu. Sioni aibu yoyote katika deni hilo. Mtu aliyebanwa hakagui neno limetoka mlango gani.

Karl Roehl aliona tofauti. Alikuwa Mjerumani wa misheni ya Bethel, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi Rwanda. Biblia yake ya Kiswahili, iliyokamilika 1937, ilijaribu kuyafukuza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Pwani hawakuipenda, na Biblia ya muungano ya 1952 ikayarudisha maneno mengi yaliyofukuzwa. Kwa jumla nadhani Roehl alikosea. Huwezi kuing'oa imani katika Kiswahili bila kuacha shimo. Lakini kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria namwonea huruma. Pale alipotakiwa kuandika kuamini, aliandika kutegemea. Kutegemea ni kuegemeza uzito wako juu ya kitu, na kisipokuwepo hicho kitu, unaanguka. Kuamini kunawezekana hata ukiwa umesimama wima mikono mfukoni. Kwa watu wanaosimama foleni tangu kabla jua halijapanda, wakiegemea mizigo yao, ukuta, au bega la aliye mbele, Roehl alikuwa na neno. Alilipeleka tu kwa wasomaji wengine.

Biblia ya 1952, kwa upande wake, ilifanya vizuri katika Zaburi ya 118. Kiebrania kina tabia ileile ya Kiarabu, kwamba taabu ni mahali pembamba na wokovu ni mahali papana. Watafsiri wakamweka mwenye zaburi katika shida, kisha Bwana akamweka penye nafasi. Nafasi! Neno la mtu anayetafuta pa kukaa kwenye basi. Nalo chanzo chake ni pumzi. Hawakuchagua raha, amani wala ushindi, na nadhani waliwaza sawasawa.

Sasa kuhusu jina la huyo anayefungua. Mapadre wa kwanza Wakatoliki waliofika Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 (misheni ya Nyundo, kilomita chache kutoka Gisenyi, ilianzishwa 1901) waliliogopa jina Imana. Waliona limechanganyika mno na bahati, na uaguzi, na mambo ya wenyeji. Wakaleta neno safi kutoka nje, lisilo na historia hapo: Mungu. Kwa miongo kadhaa Mkatoliki wa Rwanda alimwomba Mungu kwa Kiswahili ndani ya sala za Kinyarwanda, huku Waprotestanti wakimwita Imana bila wasiwasi. Hatimaye Wakatoliki nao walirudi kwa Imana. Mazingira yalikwisha kubadilika: mwaka 1952 Aloys Bigirumwami alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika makoloni ya Wabelgiji, akaliongoza kanisa la Nyundo, na yeye alikuwa mtu wa kukusanya methali na mila za kwao badala ya kuzikimbia. Kwa hiyo neno letu Mungu lilivuka mpaka, likafanya kazi ugenini, likarudi nyumbani. Pale langoni yote mawili yanasikika kutwa. Mgeni anaposikia Imana na imani katika sentensi mbili zinazofuatana hudhani ni neno moja lililokosewa herufi. Hayana undugu, moja ni la Maziwa Makuu na jingine ni la Kiarabu, lakini sijawahi kumkosoa mtu anayeyachanganya.

Kuna methali ya Kinyarwanda ambayo kila mtu anaijua: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda. Mungu hushinda kwingine, jioni akarudi kulala Rwanda. Wachambuzi wameiona kuwa ni majigambo ya taifa. Isome ukiwa Petite Barrière uone inavyobadilika. Huyu Imana anayetoka asubuhi, akashinda ng'ambo, jioni akarudi nyumbani, anaishi sawasawa na muuza karoti wa Gisenyi. Baada ya 1994 methali hiyo ikawa ngumu kutamkwa, na wapo walioigeuza kuwa swali: usiku ule alilala wapi?

Swali hilo halitaki haraka. Kuna neno linaloweza kutusogeza karibu nalo, nalo ni kuokoka. Miaka ya 1930, katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulianza uamsho uliosambaa Uganda, Kenya na Tanzania. Waliouingia waliitwa kwa Kiganda balokole, waliookolewa. Kiswahili kilikuwa na kuokoka chake tayari, lakini hakikulitumia kuwapa jina watu hao. Kilichukua neno la Waganda kikalivalisha kiambishi chetu, mlokole, walokole, na hadi leo hutamkwa kwa heshima au kwa kejeli kutegemea aliyelitamka. Kinyarwanda kikasema abarokore.

Lakini Kinyarwanda tayari kilikuwa na kurokoka kwa maana ya kutoka salama katika hatari. Na walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi huitwa abarokotse. Mzizi ni mmoja. Kiswahili kimeyatenga mambo haya mawili: aliyeokoka kwa Yesu ni mlokole, aliyeokoka kwa panga ni manusura, na maneno hayo mawili hayajuani hata kwa sura. Kwa jirani yetu yanakaa nyumba moja. Muinjilisti anayetoka kwingine, akasimama Gisenyi na kuuliza kwa sauti ya kipaza, "Umeokoka?", anapaswa kujua kwamba swali lake likitafsiriwa linaweza kumfikia mtu aliyeokoka peke yake katika familia nzima.

Tena anapaswa kujua kwamba waliouawa na waliowaua walikuwa wamebatizwa, mara nyingi katika kanisa moja. Nyundo, watu waliokimbilia kanisani waliuawa, mapadre wakiwemo. Mjini Gisenyi kwenyewe kuna kumbukumbu ya mahali paitwapo Commune Rouge, Watutsi walikopelekwa kuuawa. Ndiyo maana msomaji anayetaka kuambiwa kwamba imani ya Kikristo ilikuwa nguvu ya watu wa hapa katika wakati mgumu ataambiwa, na ni kweli, lakini haiwezi kuambiwa bila ya kwamba imani hiyohiyo ilikuwepo na haikuzuia. Abarokotse wengi bado huenda kanisani. Wengine hawakurudi tena, na sina neno la kuwarudisha, wala silitafuti.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walitoka Rwanda wakamiminika Goma kwa siku chache, wauaji na wasio na hatia ndani ya umati mmoja, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu kambini. Januari 2002 ikawa kinyume: volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya Goma, watu wakakimbilia Gisenyi. Ikawa hivyo tena usiku wa 22 Mei 2021. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, watu walikimbilia upande huo tena, huku makombora yakianguka Rubavu nako na kuua. Ndiyo kusema malango haya ya Gisenyi na Goma yamekuwa dhiki ya huyu na faraja ya yule, kisha yakageuka. Waliofunguliwa mwaka mmoja ndio walioombwa kufungua mwaka mwingine. Theolojia yoyote ya mateso inayotaka kukaa hapo italazimika kuanzia kwenye kugeuka huko, kwa sababu kila upande una kumbukumbu ya kugonga.

Maneno madogo nayo yana kazi yake, na pengine ndiyo yanayofanya kazi kubwa zaidi. Mnyarwanda atamwambia aliyefikwa "Komera", uwe imara. Mfiwa ataambiwa "Mwihangane", vumilieni. Mtu wa Goma atasema "Kuraje, mama", Kifaransa kilichokwisha kuvuliwa viatu. Mswahili atasema pole. Kati ya yote hayo pole ndilo pekee lisiloagiza kitu. Mengine yote yanakutaka uwe imara, uvumilie, upige moyo konde. Pole haikutaki chochote. Inakaa tu kando yako na inakuruhusu uende polepole. Nimewahi kumsikia mtumishi mmoja akihubiri kwamba Mkristo hapaswi kupokea pole kwa sababu ni kukiri kushindwa. Nadhani alikuwa amechoka siku hiyo.

Na kushindwa ndiko kunakonileta kwenye neno la mwisho. Kushinda kwa Kiswahili ni kumwangusha adui, na ni kumaliza mchana mahali fulani. Tumeshinda mechi, tumeshinda shambani. Mtoto anaweza kushinda na njaa, na hakuna Mswahili atakayedhani ameishinda njaa. Kitabu cha Ufunuo kimejaa ahadi kwa washindao, na makanisa yetu yamelichukua neno kwa maana ya kwanza tu: washindi, zaidi ya washindi, jeshi la ushindi, kwaya ya Ushindi. Hakuna ubaya. Lakini maana ya pili haijawahi kupata kwaya.

Kinyarwanda kinazigawa maana hizo. Kumwangusha adui ni gutsinda, ndugu wa damu wa kushinda chetu. Kumaliza mchana ni kwirirwa. Kwirirwa ndiyo iliyomo katika ile methali ya Imana anayeshinda kwingine. Ndiyo iliyomo katika namna ya kutaja mfungo, kwiyiriza ubusa, kujishindisha mtupu. Na ndiyo salamu ya kuanzia alasiri, saa ambazo wanawake wa Gisenyi wanarudi kutoka ng'ambo na mabeseni yao, yawe matupu au la: "Mwiriwe." Kwa Kiswahili ni "Mmeshinda", na anayesalimiwa hutakiwa kukubali tu.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini Gisenyi ilikuwa ikikizungumza zamani sokoni, na makanisani mahubiri ya lugha mbili si ajabu. Mhubiri kutoka Goma akitamka "Tutashinda", mkalimani aliye kando yake ana nusu sekunde ya kuamua. Atachagua gutsinda, na kwa sarufi hatakuwa amekosea. Mimi ningejaribu kwirirwa, angalau katika ibada ya jioni.